Pesa ni zilezile, mwanzilishi anamfata alomfundisha: mwongozo wa kontenti kwa wenye mifuko ya mitaji Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wapendwa. Nnaandika hii kwa sababu vikundi vitatu tofauti vimenijia na suali hilohilo, kimoja ni cha ndugu zetu walioko Uingereza na Oman wanaochangishana, wanasema tuna pesa za kuweka kwenye kampuni changa za nyumbani, tumefungua ukurasa wa Instagram, tumechapisha na kadi, mbona waanzilishi wazuri hawaji? Wanaokuja ni wanaotaka mkopo wa kununua Noah au kuongeza stoki dukani, si vibaya, ila sio tuliokuwa tunawatafuta.

Jawabu yangu ni kwamba shilingi yako na shilingi ya mwenzio zinanunua kitu kilekile, kwaiyo ukipita mtaani unatangaza "tuna pesa" hujasema kitu. Mwanzilishi mzuri, yule mwenye biashara inayokwenda, ana pa kuchagua, na anapochagua anamwendea mtu aloshamsaidia kabla hata hawajaonana. Kontenti, yani maandishi, voisi, klipu, vikao, ndo namna ya kumsaidia mtu usiyemjua bado. Basi tuanze.

Kwanza ujue kwa nini wenzetu wa nje wanahangaika na kontenti. Mfuko wa mitaji, yani pesa za watu wengi zilizokusanywa kuwekwa kwenye kampuni changa kwa kupewa hisa, kwa kawaida unaishi kama miaka 10, wanaouendesha wanachukua ada ya karibu asilimia 2 kwa mwaka na faida ikipatikana wanakula kama asilimia 20, na katika kampuni ishirini au thelathini walizoweka pesa, moja au mbili ndo zinazorudisha mfuko mzima, zilobaki nyingi zinakufa au zinarudisha mtaji tu. Sasa fikiria, ukiweka pahala pabaya utapoteza ulichoweka, basi. Lakini ile kampuni moja ya kurudisha mfuko mzima ikipita mlango wa jirani na wako ikaupita, hiyo hasara haina kikomo. Bessemer Venture Partners, mfuko wa Marekani, wana ukurasa mzima kwenye tovuti yao wa makampuni waloyakosa, wamo Apple, Google, Airbnb, na FedEx ambayo wanasema wameikataa mara 7. Na nakwambia ule ukurasa wenyewe ni kontenti nzuri mno, mwanzilishi akiusoma anaona hawa ni watu wanaokubali kukosea.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Y Combinator, wawekezaji wa Marekani wanaozipa pesa na mafunzo kampuni zinazoanza. Machi 2005 Paul Graham, mtu wa kompyuta na mwandishi, alitoa mhadhara pale Harvard wa namna ya kuanzisha kampuni, na vijana wawili wa chuo, Steve Huffman na Alexis Ohanian, wakasafiri kutoka Virginia kwenda kumsikiliza, kwa sababu maandishi yake ndo yalokuwa yakisomwa na watu wa kompyuta. Mwaka huohuo akafungua Y Combinator na wenzake, wale vijana wakaomba, wazo lao la kwanza la kuagiza chakula kwa simu likakataliwa, baadae wakapigiwa simu warudi na wazo jengine, ndo ikatoka Reddit, ule mtandao wa majadiliano. Alowavuta wale vijana ni mtu aloandika na akasimama akazungumza, mfuko ulikuwa haujakuwepo.

Na hakuwa peke yake. Fred Wilson, mwekezaji wa New York, ameanza kuandika blogu 2003 na kwa miaka mingi alikuwa anaandika karibu kila siku. Brad Feld na Jason Mendelson, wawekezaji nao, 2005 walichukua termu shiti, yale makubaliano ya awali baina ya mwekezaji na kampuni, wakayaeleza kifungu kwa kifungu hadharani, mambo ambayo mwanzo yalikuwa yanajulikana na mawakili na wawekezaji tu. Andreessen Horowitz, mfuko mwengine wa Marekani, walifungua 2009, mwaka wa pili tu wakamleta Margit Wennmachers, mtu wa mahusiano na vyombo vya habari, wakamfanya mshirika ndani ya mfuko. Hawakumpa cheo cha afisa wa matangazo wakamweka chumba cha nyuma. Ukiona hivyo ujue wamelichukulia kama sehemu ya biashara yenyewe.

Haya, hatua.

Hatua ya 1: karatasi moja ya nyinyi ni nani

Kabla ya posti yoyote, kaeni muandike ukurasa mmoja: mnaweka kiasi gani, kwenye kampuni iliyofikia wapi, shughuli gani mnazielewa, na shughuli gani hamziwekei. Mfano: tunaweka milioni 20 hadi 60, kampuni iwe imeshauza kwa miezi sita, tunaelewa mazao ya bahari, utalii na usafirishaji wa mizigo baina ya visiwa, hatuweki kwenye majengo. Iandikwe kwa Kiswahili ambacho mtu wa Wete ataisoma aelewe hapohapo. Tarakimu msizifiche. Mifuko mingi inaandika "tunaunga mkono ubunifu" halafu inashangaa kupata maombi mia ya kila rangi, wakati karatasi hii peke yake ingewachujia nusu.

Hatua ya 2: mwezi mzima usiandike, sikiliza

Hii watu wanairuka na ndo wanapoharibikiwa. Chukua daftari, daftari la karatasi, nenda walipo waanzilishi: vyuo vya SUZA na Karume, vikao vya Fumba (toka ulipoanzishwa Silicon Zanzibar, mpango wa serikali wa kuvuta kampuni za teknolojia, 2022 kuna watu wa teknolojia wengi kule), Jaws Corner jioni kahawa ikipita, soko la Darajani, Chake kwa wenye biashara ya karafuu na viungo, Paje na Jambiani kwa kina mama wa mwani. Usifundishe. Uliza "kitu gani kuhusu pesa za wawekezaji hukielewi au kinakutisha?" halafu nyamaza. Andika suali kwa maneno yao, usilisafishe. Utapata masuali kama haya, mie nimeyapata mwenyewe:

"Kaka yangu alinipa milioni tatu mwanzo nikamwandikia asilimia thelathini, nimekosea?"

"Hii si riba hii?"

"Mwekezaji akishaingia anaweza kunitoa kwenye kampuni yangu?"

"Nikimuonesha mtu wazo langu akaliiba nakwenda wapi?"

Ukishafika masuali thelathini utaona yanajirudia, na yale yanayojirudia ndo kontenti yako ya mwaka mzima.

Hapa nisimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Dada mmoja Paje, anasaga mwani anatengeneza sabuni na krimu, ana wateja hotelini mpaka Nungwi, alinifungulia simu yake akanionesha folda ya skrinishoti, zimejaa posti za mifuko ya nje kwa Kiingereza, na kila asilolielewa kalizungushia duara jekundu kwa kidole. Neno moja kalizungushia mara tatu: likwidesheni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "yani akiingia huyu ana haki ya kunifilisi?" Kumbe kuna mfuko ulishataka kuzungumza nae na hakujibu, kwa sababu ya neno hilo tu. Wallahi niliumia. Hajakosa akili wala biashara, kakosa mtu wa kumwambia dakika tano kwa lugha yake.

Hatua ya 3: jibu suali moja mpaka liishe

Usiandike "mambo kumi ya kujua kuhusu uwekezaji". Chukua suali moja, weka tarakimu za hapa, lipeleke mpaka mwisho. Nachukua lile la likwidesheni ili muone ninachokusudia.

Haki ya likwidesheni anayoandikiwa mwekezaji maana yake ni foleni. Kampuni ikiuzwa au ikifungwa, nani anachukua kwanza. Tuseme mwekezaji kaweka milioni 60 akapata asilimia 20, na mmeandikiana kwamba atarudishiwa alichoweka mara moja kabla ya wengine, au achukue asilimia yake, ipi kubwa. Kampuni ikauzwa milioni 80. Asilimia 20 ya 80 ni milioni 16, yeye atachagua 60 zake, nyie mlobaki mnagawana 20. Ikiuzwa milioni 800, asilimia 20 yake ni 160, atachukua hiyo, nyie mnagawana 640. Haimpi ruhusa ya kukufilisi, inampa nafasi ya mbele kwenye foleni siku mambo yakiwa madogo. Na hapo mwambie mwanzilishi ukweli ambao unakuuma wewe mwenye mfuko: ukiona imeandikwa mara mbili au mara tatu badala ya mara moja, kataa au punguza, maana kwenye mauzo ya milioni 80 hutobakiwa na kitu.

Umeona? Umemfundisha kujilinda hata dhidi yako. Watu wananiuliza "kwani si tunajiharibia?" Hapana. Mtu akisoma hivyo anajua siku ya kukaa mezani hutomficha kitu.

Lile la kaka wa asilimia thelathini nalo ni hesabu. Wewe 70, kaka 30. Anakuja mwekezaji na milioni 60 anataka asilimia 20, maana yake kampuni na pesa zake inahesabiwa milioni 300. Wote mnapungua kwa sehemu moja ya tano: wewe 56, kaka 24, mwekezaji 20. Raundi ya pili, yani kampuni ikichukua tena pesa za wawekezaji, akija mwengine akataka asilimia 20, wewe 44.8, kaka 19.2, na kaka yuko Muscat hajui hata kiwanda kiko wapi. Yule alouliza hakukosea kumpa kaka hisa, mtu alokuamini mwanzo ana haki yake, alikosea kutokuandika kwamba hisa zipatikane kidogokidogo kwa kazi, au tangu mwanzo ingekuwa mkopo wa kheri usio na nyongeza. Andika hivyo, na uandike namna ya kukaa na kaka mkazungumza upya bila ya kuvunja undugu, maana kwetu hilo ndo gumu kuliko hesabu.

Halafu suali la riba. Mifuko ya nje haina jawabu yake na wewe unayo, kwaiyo usilikimbie. Eleza tofauti kwa utulivu: kuna noti ya kubadilishwa, hiyo inaanza kama deni, mara nyingi ina asilimia ya riba na tarehe ya kulipa, baadae inageuka hisa. Kuna SAFE, waliyoitoa Y Combinator 2013, haina riba wala tarehe ya kulipa, ni haki ya kupata hisa baadae, ikifika raundi ambayo hisa zinapangiwa bei. Na kuna hisa moja kwa moja, ambazo zinafanana na ushirika wa musharaka tunaoujua, faida kwa makubaliano na hasara kila mtu kwa kadiri ya mtaji wake. Lakini ile foleni nilioeleza juu, mmoja kurudishiwa kwanza, ina maneno yake katika musharaka, na sio kazi ya mwenye mfuko kutoa fatwa. Mtafuteni mwanachuoni anaejua fiqhi ya biashara, mpeni karatasi zenyewe azisome siku kadhaa, mkae mrekodi, yeye aseme lipi ameliridhia na lipi libadilishwe, na mkilibadilisha mulitangaze. Saa moja ya kikao hicho ina thamani kuliko video za dron za bahari mwaka mzima.

Hatua ya 4: wahoji walofanya

Masuali mengine nyie hamna jawabu zake, anazo aloyapitia. First Round Capital, mfuko wa Marekani, walianza jarida lao 2013, na kazi yao kubwa ni kukaa na mtu alofanya jambo, wamchimbe mpaka atoe namna alivofanya, sio historia ya maisha yake. Fanyeni hivyo. Mtafute mama aloajiri watu ishirini kwenye mwani, muulize mwezi gani mshahara ulikosekana na alifanya nini wiki ile, alianza kumwambia nani, alisema maneno gani. Muulize bei ya kwanza aliyomuuzia mwenye hoteli na kwa nini ilikuwa ndogo. Rekodi saa nzima kwa simu, iandike kurasa mbili, mrudishie asome au asomewe, na akisema hili litoe unalitoa bila ya kubishana. Mlipe nauli na muda wake.

Msihoji walofanikiwa tu. Alofunga duka naye ana mengi, kama ameridhia kusema.

Hatua ya 5: toa karatasi zako

Mfano wa mkataba wenu, uwekeni hadharani pamoja na maelezo ya Kiswahili pembeni. Masuali mtakayomuuliza mwanzilishi siku ya kikao, yawekeni. Hatua za uamuzi na siku ngapi kila hatua, ziwekeni. Y Combinator wanaandika wazi, tangu 2022 wanatoa dola 500,000, katika hizo 125,000 ni kwa asilimia 7 ya kampuni na 375,000 kwa SAFE isiyo na kikomo cha bei, inayochukua masharti mazuri zaidi atakayopewa mwekezaji anaefata. Mwanzilishi wa Mkoani anajua hivyo kabla hajaomba, anaweza kukaa na babake wakapiga hesabu. Kuna mifuko humuhumu Afrika Mashariki mpaka ukae nao vikao vitano ndo unajua wanataka asilimia ngapi.

Hatua ya 6: ipeleke walipo

Usijenge kasri. Andreessen Horowitz wenyewe, na pesa zao zote, walianzisha jarida kubwa la mtandaoni 2021 likiitwa Future, mwishoni mwa 2022 wakalifunga. Sie hapa bando ni pesa, watu wako watsap. Kinachofanya kazi, nimekiona: maandishi mafupi ya kusomeka bila ya kubofya linki, na voisi ya dakika nne mpaka sita, si zaidi, mtu anaisikiliza kwenye gari ya Bububu au akisubiri boti ya Pemba. Ukurasa mmoja wa tovuti usio mzito, wa kuhifadhi yote ili mtu aje atafute baadae, maana watsap inameza. Mara moja kwa mwezi kikao cha ana kwa ana, na kimoja kati ya vitatu kiwe Chake au Wete, tafadhali sana, Pemba wamechoka kualikwa mjini. Kama redio ya hapa itakupeni nusu saa, chukueni.

Kiswahili kiwe ndo cha asili, Kiingereza kama kipo kifate nyuma. Na anaeandika awe mtu mmoja mwenye jina lake, watu hawaiamini nembo, wanamuamini "yule bwana anaeelezaga mambo ya hisa". Kila wiki moja inatosha. Wiki mbili za moto halafu miezi mitatu kimya, bora usingeanza.

Hatua ya 7: mlango uwe na mtu

Hapa nasema kwa uchungu. Miaka michache nyuma nilikuwa na kampuni yangu ndogo ya kupanga mizigo ya jahazi na boti, na kulikuwa na mfuko mmoja, sitoutaja, maandishi yao mazuri, nikayasoma yote, nikafuata kila walichosema, nikatuma barua na slaidi kumi. Miezi mitano kimya. Nilivokuja kukutana na mtu wao kwenye hafla hakujua hata kama nilituma. Kwaiyo yale maandishi yote yalonifundisha yakageuka kuwa machungu, na mpaka leo nikiulizwa kuhusu mfuko ule nasema ukweli. Kontenti nzuri inaleta watu wengi, na kama hamna mtu wa kuwapokea, mnatengeneza watu wengi wa kukusemeni vibaya.

Kwaiyo kabla hamjaanza kutangaza amueni: nani anasoma maombi, siku gani, na ndani ya siku ngapi kila mtu anajibiwa. Mie nasema siku 10 za kazi. Fomu iwe na masuali sita tu, yajibike kwa simu, na anaetaka kujibu kwa voisi aruhusiwe. Siri ya mtu ikae siri, slaidi zake zisizunguke kwenye grupu la wawekezaji bila ya idhini yake, hilo ndo jawabu halisi la yule alouliza wazo likiibiwa aende wapi.

Na jambo jengine la haraka: kumvuta mwanzilishi ni kitu kimoja, kuwaita watu wa kawaida mtandaoni walete pesa zao kwenye mfuko wenu ni kitu chengine kabisa na kina sheria zake. Msichanganye posti hizo mbili, na ya pili msiiguse kabla ya kukaa na wakili.

Hatua ya 8: hesabu kinachohesabika

Laiki ziacheni. Kila anaeomba muulizeni suali moja, "ulitusikia wapi na kitu gani kilikufanya uje?" na muandike jawabu kwa maneno yake kwenye daftari lilelile la hatua ya 2. Baada ya miezi sita mtaona voisi mbili au tatu ndo zinazoleta watu, zilobaki hakuna anaezitaja. Hizo mbili tatu zifanyeni upya, ziongezeni, zisambazeni tena. Tizameni pia wanaokuja wamebadilika vipi, yani bado wanaomba mkopo wa Noah, au sasa mtu anakuja kashapiga hesabu ya hisa zake mwenyewe. Subirini mwaka kabla ya kusema haifanyi kazi, maana mtu anaweza kukusikiliza miezi minane ndo akuandikie.

Mwisho nakuachieni ujumbe wa kukataa, kwa sababu wengi wataoomba mtawakataa na huu ndo utaosambaa kuliko posti zote. Huu ninautumia mie, uchukueni mubadilishe mnavotaka:

"Assalaam alaykum dada, tumeisoma kazi yako yote na tumeizungumza Jumanne. Mara hii hatutoweka pesa, sababu ni mbili: mauzo yako karibu yote yanatoka hoteli moja, na hujaandikiana na mwenzio mgao wa hisa. La pili tunaweza kukusaidia hata kama hatujaweka, njoo Alkhamis baada ya alasiri na mwenzio, tutakaa na karatasi ya mfano. La kwanza, ukipata wateja wawili wengine wa kudumu tuandikie kwa namba hiihii, hutoanza fomu upya. Voisi ya mambo ya bei kwa hoteli hii hapa chini."